Je, wajua? Theluthi mbili za rangi kwenye picha yako hazikupigwa, zilikisiwa

Machi 2023 mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit aliupiga mwezi picha bila kutoka chumbani kwake. Alichukua picha ya mwezi mtandaoni, akaipunguza hadi pikseli 170 kwa 170, kisha akaitia ukungu makusudi mpaka mashimo na mikunjo ya mwezi ikafutika. Akaifungua kwenye kompyuta, akazima taa, akasogea mbali na kuipiga kwa Samsung Galaxy S23 Ultra huku ameivuta karibu kabisa. Simu ikamletea mwezi wenye mashimo, vivuli na kingo kali. Vitu hivyo havikuwepo kwenye kioo alichokilenga. Hakuna lenzi duniani ambayo ingeviona, maana alikwishavifuta mwenyewe.

Samsung walieleza kwamba tangu Galaxy S21 programu yao ya kuboresha mandhari huutambua mwezi, huunganisha fremu zaidi ya kumi, yaani picha zilizopigwa mfululizo, kisha modeli ya akili mnemba hukazia maelezo madogo madogo. Na mwezi ni somo rahisi kwa mashine: tangu enzi za mababu unatugeuzia upande uleule mmoja. Ukiujua mara moja, umeujua.

Mitandaoni watu wakaita huo utapeli. Hasira yao naielewa, lakini kama kukisia ni utapeli, basi kamera za dijitali zimetutapeli tangu zilipozaliwa.

Kihisi, kile kipande cha silikoni kilichojificha nyuma ya lenzi, hakioni rangi. Kinapima mwanga tu, mwingi au kidogo. Mhandisi wa Kodak, Bryce Bayer, ndiye aliyebuni njia ambayo kamera nyingi zinaitumia hadi leo, na hataza yake ilitoka mwaka 1976. Kila pikseli hufunikwa na kichujio cha rangi moja: nusu ya pikseli zote hupewa kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani ilipendelewa kwa sababu jicho la mtu huona undani wa vitu zaidi katika eneo hilo la mwanga. Sasa pikseli iliyofunikwa nyekundu haijui kabisa kijani kilichoangukia mahali pale kilikuwa kiasi gani, wala bluu. Inabidi programu iwaulize majirani zake na kukadiria. Picha inahitaji namba tatu kwa kila pikseli. Moja imepimwa, mbili zimekisiwa.

Ni wachache waliowahi kulalamika, na sababu ni kwamba makisio hayo yanatoka kwa jirani wa karibu mno, pikseli ya ubavuni. Kama jirani wa kushoto na wa kulia wote wako kwenye kanga moja ya kijani, huwezi kukosea sana. Kwa hiyo mimi nikitazama picha ya siku hizi, siulizi kama mashine imekisia. Nauliza ilichokisia ilikitoa umbali gani.

Hatua ya kwanza ya kwenda mbali ilikuwa kuuliza fremu nyingine. Ukifungua kamera ya simu, hata kabla hujabonyeza, tayari inapiga: fremu zinaingia na kufutwa mfululizo. Kidole kinapogusa kitufe, simu inazikamata zile za karibuni. Google waliujenga mfumo wao wa HDR+ juu ya wazo hili, wakiongozwa na Marc Levoy, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Fremu hupigwa zikiwa na giza kidogo kwa makusudi, ili taa na anga zisiungue zikawa nyeupe tupu. Kisha programu huchagua iliyotulia kuliko zote, huzikata nyingine vipande vya mraba na kusogeza kila kipande mpaka kilalie mahali pake, halafu hutafuta wastani.

Kwa nini wastani? Kwa sababu zile chenga za picha ya usiku, yaani vidoadoa vinavyoichafua, huruka ovyo. Katika fremu hii doa liko hapa, katika inayofuata liko pale. Uso wa mtu haurukiruki hivyo. Ukijumlisha fremu 16 na kugawanya, uso unabaki na chenga zinashuka hadi robo. Ndiyo siri ya Night Sight, kamera ya usiku ya simu za Google iliyotoka Novemba 2018, ambayo ilikusanya hadi fremu 15 na kuonyesha vitu ambavyo mpigaji mwenyewe alikuwa havioni vizuri. Ukitaka kuishuhudia kazi hii, piga usiku picha ya mtoto anayekimbia mbele ya ukuta, kisha uikuze. Ukuta utakuwa laini na mtoto atakuwa na chenga zaidi. Vipande vyake havikulingana kutoka fremu hadi fremu, programu ikaviacha nje ya hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni tamu kuliko yote katika fani hii. Mwaka huohuo wa 2018 Google waligundua namna ya kutumia kutetemeka kwa mkono. Mkono wa binadamu hautulii hata ukijitahidi, kwa hiyo kila fremu inahama kidogo, na pikseli iliyofunikwa nyekundu katika fremu moja inaangukiwa na mahali ambapo katika fremu iliyotangulia palipimwa kijani. Ukiwa na fremu za kutosha, kila mahali panapata kupimwa rangi zote tatu, na makisio ya Bayer yanapungua. Katika hatua hii teknolojia mpya ilitupatia picha iliyo kweli zaidi kuliko ile ya zamani, si pungufu.

Baada ya hapo ndipo akili mnemba ilipoingia kwa miguu yote miwili. Badala ya wahandisi kuandika kanuni za kuondoa chenga, waliifundisha mashine. Unachukua picha safi, unaichafua kwa chenga, unaiambia modeli irudishe ile safi, unaisahihisha, unarudia mara mamilioni. Modeli haikariri picha moja moja. Inajenga mazoea kuhusu namna majani, nywele, matofali na ngozi vinavyokuwa kwa kawaida. Chenga zikiwa chache, mazoea hayo yanasaidia. Mwanga ukiwa haupo kabisa, modeli haina la kurudisha, na bado itarudisha kitu. Itakupa kile kilicho cha kawaida kwake.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE. Ilichukua uso wenye pikseli 16 kwa 16, yaani miraba midogo ya kuhesabika tu, na kutoa uso kamili wenye vinyweleo na mikunjo. Mtu mmoja akaipa picha ya Barack Obama iliyovurugwa hivyo, picha ambayo wewe na mimi tungeitambua papo hapo. Programu ikatoa uso wa mzungu. Haikuwa na chuki yoyote. Nyuso ilizozizoea zaidi ndizo zilizojitokeza. Kumbuka hili kila unapotaka kuikuza na kuisafisha picha ndogo ya marehemu babu kwa programu ya simu. Uso utakaopata utakuwa na macho maangavu na ngozi safi, na huenda ni uso wa mzee ambaye hakuwahi kuishi.

Mahakama nazo zimelifikia suala hili. Mwaka 2024, katika kesi ya mauaji huko King County, jimbo la Washington, jaji alikataa video ya simu ambayo upande wa utetezi ulikuwa umeiboresha kwa akili mnemba. Aliona kwamba programu ile huonyesha kile modeli inachodhani kilistahili kuonekana. Nadhani aliamua sawa kabisa.

Mzungu wa PULSE anatukumbusha kisa cha zamani zaidi. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi zilizotumwa na Kodak zikiwa na picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa, na ngozi nyeusi ilikubali matokeo yoyote. Inasimuliwa kwamba Kodak walianza kujali rangi za kahawia pale kampuni za chokoleti na za samani za mbao zilipolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kwa wapigapicha wa harusi wa kwetu tatizo hili halikwisha na filamu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila mandhari kwa wastani ni kijivu. Kikikutana na shela jeupe lililojaa fremu nzima hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Google walipoleta Real Tone, mfumo wa kamera wa kuonyesha vizuri ngozi za rangi zote, kwenye simu yao ya Pixel 6, Oktoba 2021, walisema wameongeza picha za watu wa ngozi nyeusi katika mafunzo ya kamera na kuwaita wapigapicha wenye ujuzi huo waikosoe. Hapo akili mnemba imefanya kazi ya maana: inautambua uso kwanza, kisha inaamua mwanga kwa ajili ya uso badala ya gauni. Filta nyingi za urembo, kwa upande wao, bado zinaing'arisha ngozi na kuichonga pua bila kuombwa.

Sasa rudi kwa ile modeli iliyofundishwa kuondoa chenga. Watafiti walijiuliza: itakuwaje tukiipa chenga tupu, zisizo na picha yoyote nyuma yake, na kuinong'oneza kwa maneno kilichopaswa kuwemo? Itaanza kusafisha. Raundi ya kwanza linatokea wingu la rangi, raundi chache baadaye umbo, kisha macho, kisha vifungo vya shati. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, inafanya hivyo hasa. Ufundi uleule unaoondoa chenga kwenye picha ya usiku ndio unaochora picha ya tukio ambalo halikutokea. Tofauti iko kwenye kiasi cha mwanga halisi ulioanza nao: mwingi, kidogo, au sifuri.

Ndiyo maana uhariri wa picha umebadilika ghafla hivi. Photoshop ilikuwa na uwezo wa kuziba pengo tangu 2010. Ukimfuta mtu ufukweni, ilinakili mchanga kutoka sehemu nyingine ya picha ileile. Mei 2023 ilipoanza kujaza kwa modeli, mchanga ukaanza kutoka kwenye mazoea yaliyojengwa kwa picha za watu wengine, na ukitaka ngalawa inakuja na kivuli chake majini. Kazi iliyomkalisha fundi nusu siku mbele ya kompyuta inamalizwa kwa sentensi moja. Mafundi wa studio wanaoishi kwa kubadilisha mandhari ya nyuma na kutengeneza picha za pasipoti wanaijua maana yake mfukoni.

Kinachonisumbua zaidi ni kitu kidogo kuliko ngalawa ya kubuni. Pixel 8 ya mwaka 2023 ilikuja na uwezo wa kuchanganya nyuso: unapiga picha kadhaa za familia, halafu unamchagulia kila mtu uso aliotoka vizuri. Shangazi anatoka fremu ya pili, mjukuu fremu ya nne. Kila uso ni halisi, kila tabasamu lilikuwepo, ila sekunde hiyo ambayo wote walitabasamu pamoja haikuwepo. Mwezi wa Samsung, pamoja na kelele zake zote, angalau uko angani.

Mashindano ya picha yameshachanganyikiwa. Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kundi mojawapo la tuzo za Sony World Photography kwa picha aliyoitengeneza kwa akili mnemba, akaikataa tuzo ili watu wajadili. Mwaka uliofuata Miles Astray akafanya kinyume chake: aliingiza picha halisi ya heroe anayeonekana hana kichwa, kumbe anajikuna tumbo, katika kundi la picha za akili mnemba. Ikapata tuzo, kisha ikaondolewa kwa kosa la kuwa ya kweli.

Jibu linalojaribiwa sasa ni kuandika nasaba ya picha ndani ya faili lenyewe. Muungano wa C2PA, ulioanzishwa 2021 na kampuni kama Adobe na Microsoft pamoja na BBC, umeweka utaratibu ambapo kamera inatia saini ya kidijitali wakati wa kupiga, na kila programu ya kuhariri inaongeza ilichofanya. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa na uwezo huo ndani. Kwa mwandishi wa habari hilo ni jambo kubwa. Kwa sisi wa magrupu kuna tatizo la wazi: WhatsApp hubana picha ili iende haraka, na taarifa zilizomo ndani ya faili huachwa njiani. Kama picha ni ya ushahidi, iwe ajali, mpaka wa shamba au risiti, zima kwanza maboresho ya kamera unayoweza kuyazima, usiihariri, kisha itume kama faili la dokumenti na ile ya asili ibaki kwenye simu yako.