Bendi ya roki kubadili sauti: maana yake nini?

Albamu mpya ya bendi ya roki ikitoka, mashabiki huanza kubishana: wamebaki walewale au wamebadili sauti? Hapo hawazungumzii koo la mwimbaji. Sauti ya bendi ni yale yote yanayokufanya uitambue kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa: jinsi gitaa linavyokwaruza, kama ngoma ziko karibu na sikio au zinasikika kwa mbali, kasi ya nyimbo, nafasi inayoachwa kati ya chombo kimoja na kingine.

Na kuna kazi ya studio, ambayo wasikilizaji wengi huisahau. Kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko yote. Mwaka 1966, The Beatles wakirekodi albamu ya Revolver, fundi mitambo Geoff Emerick alisokomeza sweta la sufu ndani ya ngoma kubwa ya Ringo Starr, kisha akaisogeza maikrofoni karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu. Ngoma ikatoa kishindo kifupi, kizito, kinachogonga kifuani. Kwenye wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, uimbaji wa John Lennon ulipitishwa kwenye spika inayozunguka, ya kinanda cha Hammond, ukatoka kama unaelea hewani. Wanamuziki walikuwa walewale wanne, ila bendi ilisikika nyingine kabisa.

Mara nyingine vyombo vyenyewe ndivyo hubadilika. Radiohead, bendi ya Uingereza, walijijengea jina kwa magitaa, na albamu yao OK Computer ya 1997 imejaa magitaa. Ikaja Kid A mwaka 2000. Bendi yenye wapiga gitaa watatu ilifungua albamu kwa kinanda cha elektroniki na uimbaji wa Thom Yorke uliokatwakatwa na kupangwa upya. Jonny Greenwood, ambaye watu walimjua kwa gitaa, akapiga ondes Martenot, chombo cha elektroniki kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1920. Wapo waliochukia. Lakini sikiliza vizuri: wasiwasi uliomo kwenye OK Computer umo humu pia, na Yorke bado anavuta noti ndefu za juu zenye majonzi. Ndiyo maana tunasema bendi imebadili sauti, hatusemi imezaliwa bendi nyingine.

Wimbo mmoja wenye kinanda katikati ya kumi za gitaa hautoshi kuitwa sauti mpya. Badiliko la kweli hugusa hata namna nyimbo zinavyotungwa. Talking Heads, bendi ya Marekani, kwenye albamu ya Remain in Light ya 1980, waliathiriwa na muziki wa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Badala ya kuanza na wimbo uliokamilika, walijenga midundo inayojirudia, wakairundika tabaka juu ya tabaka, maneno yakafuata baadaye. Walipotaka kuipeleka albamu hiyo jukwaani, watu wanne hawakutosha tena, wakaongeza wapigaji.