Kusahau kwangu ni uzembe au ni hali? Maswali kuhusu ADHD kwa watu wazima

ADHD si ya watoto?

Huanzia utotoni, lakini kwa wengi haiishii huko. Ni hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia, na ukubwani hubadilika sura. Aliyekuwa hashuki miembeni, akifika miaka 35 hukaa kitini vizuri tu, ila mguu unatikisika na maneno ya wenziwe anayakatiza. Tena wako ambao hawakuwahi kuwa watundu. Msichana aliyekaa nyuma darasani, kimya, macho dirishani, ripoti ya skuli ikisema "ana akili ila hajitumi", huyo ndiye anayepita bila kutambuliwa.

Kila mtu husahau. Nitajuaje kama yangu yamezidi?

Kweli, ndiyo maana ikawepo sijida ya kusahau. Kupotewa na rakaa mara moja moja si ADHD.

Lakini mtazame huyu. Ana tiketi ya boti ya saa moja asubuhi. Kaamka alfajiri, kasali, muda anao. Akitafuta kitambulisho anaona shati halijapigwa pasi, anawasha pasi, ujumbe unaingia kwenye simu, anaujibu, anafungua na mwengine. Anakuja kushtuka boti inang'oa nanga bandarini Malindi, hapa Unguja, yeye bado yuko Amani. Anatoka mbio, na njiani hakumbuki kama pasi kaizima. Likitokea mara moja ni kisa cha kuchekea barazani. Likiwa ndiyo maisha yake tangu skuli, kazini, nyumbani, kwenye madeni na ahadi, hapo pana la kumuuliza daktari.

Daktari naye hutazama mambo hayohayo: dalili zilionekana kabla ya miaka 12? Zimedumu miezi 6 au zaidi? Zipo zaidi ya sehemu moja? Zinamharibia mtu maisha? Kwa mtu mzima hutafutwa angalau dalili 5 za upande wa umakini, au 5 za upande wa kutotulia na papara. Anayezubaa ofisini tu, pengine kazi yenyewe ndiyo imemchosha.

Mbona mpira nautazama dakika 90 bila kupepesa?

Hilo haliondoi kitu. Umakini upo, kazi ni kuupeleka unakotaka wewe.

Nyumbani wanasema nina shetani.

Kisomo kiendelee, na hospitali nenda. Hali hii hurithiwa sana, kwa hiyo usishangae ukimkuta baba au shangazi yuko vivyo hivyo.

Niende wapi? Naogopa kuonekana Kidongo Chekundu.

Mitaani jina hilo limegeuzwa tusi, nasi ndio tuliolifanya hivyo. Ni hospitali ya afya ya akili, na kwenda kuonana na daktari si kulazwa. Ukiona uzito, anzia kituo cha afya cha karibu au hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba, anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee pale Mkoani. Uliza wanaohusika na afya ya akili.

Nenda na mtu aliyekujua mdogo: mama, au dada mkubwa. Yeye anakumbuka usiyoyakumbuka. Na sema kweli kuhusu usingizi, mirungi na chochote unachotumia, kwani kukosa usingizi, sonona, wasiwasi, matatizo ya tezi ya shingo na upungufu wa damu vyote huweza kufanana na ADHD. Kwa sababu hiyohiyo, usijipime kwa wiki za Ramadhani. Usiku wa daku kila mtu kichwa kizito.

Kuna dawa?

Zipo, kama methilifenideti, na hutolewa kwa cheti cha daktari baada ya kupima presha na mapigo ya moyo. Usinywe za mwenzio. Ukifunga, mwulize daktari kuhusu saa za kunywa, usizihamishe mwenyewe.

Pamoja na dawa kuna mazungumzo ya tiba, na kuna vijambo vidogo vya nyumbani: msumari mmoja mlangoni wa funguo na kitambulisho, shati lipigwe pasi usiku, alamu mbili, na simu ibaki kwenye mkoba mpaka ushapanda boti.