Dini na mauaji ya “wachawi”: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mei 2008, katika eneo la Kisii nchini Kenya, kundi la watu lilipita nyumba hadi nyumba likawachoma moto watu 11, wengi wao wazee, kwa tuhuma za uchawi. Mauaji ya aina hii yanapotokea, iwe Kisii, Kilifi au Usukumani, hakosekani mtu wa kuyatetea kwa aya. Aya anazozitaja zipo kweli, ila huzisoma nusunusu.

“Biblia imeamuru mchawi auawe, mjadala umekwisha”

Kutoka 22:18 inasema hivyo, na hakuna haja ya kuificha. Lakini Torati hiyohiyo inakataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 17:6), tena inataka shahidi wa uongo atendewe yaleyale aliyokusudia kumtendea nduguye (19:19). Mpiga ramli aliyemtaja bibi wa watu angesimama wapi mbele ya sheria hiyo? Na kwa Mkristo kuna habari ya Efeso katika Matendo 19:19. Waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao, thamani yake vipande 50,000 vya fedha, vikateketezwa hadharani. Vilichomwa vitabu, si watu.

“Kanisa limechoma wachawi tangu mwanzo”

Si kweli. Sheria aliyoitoa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, kwa Wasaksoni (watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo), takriban mwaka 785, ilimhukumu kifo yule aliyemchoma mtu kwa kuamini kwamba ni mchawi mla watu. Mwaka 1080 Papa Gregory VII alimwandikia mfalme wa Denmark akimkanya watu wake wasiwasingizie wanawake tufani na maradhi.

Mauaji makubwa ya Ulaya yalikuja baadaye, kati ya 1450 na 1750 hivi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti, wengi wao kwa hukumu za mahakama za serikali. Viongozi wa dini walichangia sana, na hilo lisifutwe. Ila wapo pia waliosimama kidete. Huko Logroño, Hispania, Baraza la Uchunguzi wa Imani, mahakama ya Kanisa Katoliki, lilichoma watu 6 wakiwa hai mwaka 1610. Mmoja wa mahakimu wake, padri Alonso de Salazar Frías, hakuridhika. Akazunguka vijijini akahoji watu zaidi ya 1,800, na vyungu vya “dawa za kichawi” vilivyoletwa kuwa ushahidi vikapimwa, vikaonekana ni vya kubuni. Akaandika kwamba huko hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuyazungumza na kuyaandika mambo hayo. Mwaka 1614 Baraza likabadili taratibu zake. Natamani kila kijiji chetu kingekuwa na Salazar wake.

“Uislamu unamruhusu yeyote kumuua mchawi”

Uchawi ni katika madhambi saba yaangamizayo. Hilo halina ubishi. Kuhusu adhabu, wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mchawi hauawi kwa uchawi peke yake, isipokuwa uwe na ukafiri ndani yake au yeye mwenyewe akiri kuwa ameua kwa uchawi huo. Na adhabu ni kazi ya kadhi na mtawala, haiwi ya vijana wenye mapanga.

Mtume mwenyewe (S.A.W.) alirogwa na Labid bin al-A‘sam, kama ilivyopokewa na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi. Alipoponywa, hakumuua, alisema hataki kuwachochea watu shari. Ukiongeza na aya ya Qur’ani 49:12, inayoamrisha kujiepusha na dhana nyingi, sijui anayemvamia mzee usiku kwa tetesi anamfuata nani.

“Macho mekundu ni alama ya uchawi”

Ni alama ya moshi. Bibi aliyepikia kuni au samadi kavu ya ng’ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwa mekundu. Kilifi alama imekuwa mvi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo watoto au ndugu wanalitaka kabla mzee hajafa.

“Kumwita mtu mchawi si kosa, ni maneno tu”

Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa la jinai, isipokuwa tuhuma ipelekwe kwa chifu, polisi au afisa mwingine wa serikali.