Geji Zisining'inie: Kufunga na Kupanga Vifaa vya Uzamiaji

Bahari inapotulia kati ya kusi na kaskazi, boti za wazamiaji huondoka kila asubuhi kwenda Mnemba, Misali, Mafia, Watamu na Kisite, zikiwa zimechukua wageni na wenyeji, wakufunzi na wanafunzi wao, pamoja na watafiti wanaohesabu samaki na kupima hali ya matumbawe. Ukiwatazama watu hao wakiwa chini ya maji, utaona kwa wengi wao jambo lile lile: geji ya presha inaning'inia chini ya tumbo kwenye ncha ya hozi, yaani mpira wa kupitishia hewa, regyuleta ya akiba, yaani kifaa cha pili cha mdomoni cha kuvutia hewa, imechomoka mahali pake na inaburuzwa, na tochi au kamera imefungwa kwa kamba ndefu inayoyumba kila mzamiaji anapopiga mapezi. Wengi hulichukulia hilo kuwa suala la unadhifu tu. Makala hii inaeleza kwa nini ni suala la usalama, wa mtu na wa mwamba, na namna ya kulirekebisha kwa gharama ndogo.

Tuanze na geji ya presha, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha mzamiaji amebakiwa na hewa kiasi gani. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kizio cha mgandamizo) hubeba hewa ya lita 2,400 hivi kwa kipimo cha juu ya maji. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, akifika kina cha mita 20 ambako mgandamizo ni bar 3, atatumia lita 60 kila dakika. Akitenga bar 50 za akiba, yaani lita 600, hana zaidi ya nusu saa. Akishuka hadi mita 30, muda huo unapungua na kuwa dakika 22 au 23, na mkondo ukimlazimu kupiga mapezi kwa nguvu, kama inavyotokea mara nyingi kwenye miamba inayotazama Mlango wa Pemba, matumizi ya hewa yanaweza kuongezeka maradufu.

Hesabu hizo hazimsaidii mtu asiyeitazama geji yake. Mzamiaji ambaye geji yake inaning'inia, kila anapotaka kuisoma hulazimika kuacha kuogelea, kuinamia upande wa kushoto na kupapasa chini ya kwapa akiitafuta hozi, huku miguu ikishuka na ncha za mapezi zikigota mwamba. Akishafanya hivyo mara mbili tatu huanza kuahirisha, na anapokuja kuisoma tena mshale umeshafika kwenye alama nyekundu. Katika mafunzo tunaliona hili hata kwa watu wenye vyeti vya juu. Hawakosi maarifa, kifaa chenyewe kimewekwa mahali panapowachosha kukitumia.

Mahali panapofaa ni ubavu wa kushoto, kwenye kiuno. Hozi ishuke kutoka juu ya mtungi, ipite chini ya mkono wa kushoto ikiwa imelala karibu na mwili, kisha geji ifungwe kwenye pete ya chuma iliyo kwenye mkanda wa kiuno au sehemu ya chini ya koti la kuelea. Hozi nyingi zinazouzwa pamoja na geji zina urefu wa sentimita 80 hadi 90, na kwa mtu wa wastani urefu huo huacha tao linalojitokeza pembeni na kunasa vitu. Hozi ya sentimita 60 hadi 65 huwafaa wengi. Kabla ya kununua, vaa vifaa vyote, funga geji mahali pake na uombe mtu akupimie, kwa sababu kimo cha mtu na aina ya koti hubadilisha kipimo.

Namna ya kuifunga inahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Chukua klipu ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba nyeupe, ile yenye kipini kinachovutwa nyuma kwa kidole gumba, na uzi wa nailoni uliosukwa wenye unene wa milimita 2 hivi. Pitisha uzi kwenye tundu la klipu, uzungushe mara kadhaa kwenye hozi pale inapokutana na kichwa cha chuma cha geji, upitishe tena katikati ya klipu na hozi ili kukaza mizunguko hiyo, kisha piga fundo mara mbili na uchome ncha kwa moto ili zisifumuke. Uzi ukae imara bila kuiminya hozi. Usifunge chuma kwa chuma kwa kutumia pete ya funguo. Klipu ikikwama, au ikinaswa kwenye kitu ukiwa chini, uzi unakatwa kwa kisu papo hapo na mtu anakuwa huru, ilhali pete ya chuma haikatiki.

Ziko pia klipu za mlango unaobonyea kwa ndani, ambazo hutumika sana kwenye boti kwa sababu ni rahisi na hufungika haraka. Hizo zisitumike kwenye mwili wa mzamiaji. Mlango wake hufunguka unaposukumwa na chochote, kwa hiyo mshipi wa kuvulia au kipande cha nyavu huingia chenyewe na hakitoki. Katika pwani yetu hatari hii si ya kufikirika, maana miamba mingi ina mishipi iliyokatika na mabaki ya nyavu ambayo hayaonekani mpaka yawe yameshakushika. Wazamiaji wa mapango ya Florida, nchini Marekani, waliipa hatari hiyo uzito mkubwa tangu zamani, kwa kuwa wao hufuata kamba ya kuwaongoza hadi kwenye mlango wa pango na kunaswa humo ni kifo. Mpangilio unaofuatwa leo na wazamiaji wengi wa kitaalamu, wa kuondoa kila kisichohitajika na kukilaza kila kinachobaki karibu na mwili, umepewa jina la mmoja wao, William Hogarth Main.

Regyuleta ya akiba nayo ina sheria yake. Kwa kawaida huwa na rangi ya njano ili mwenzako aione, na inapaswa kukaa kifuani, katika pembetatu kati ya kidevu na ncha za chini za mbavu. Kishikizo chake kiwe cha kuachia kwa mvuto mmoja, kwa sababu anayeihitaji ni mtu aliyeishiwa hewa, na mtu wa namna hiyo hana subira ya kufungua kitu chochote. Ikiburuzwa mchangani, chembe huingia kwenye kiwambo na valvu yake, kisha siku inapohitajika huvujisha hewa mfululizo au hupitisha maji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kati ya vifaa vyote anavyovaa mzamiaji, hiki peke yake amekibeba kwa ajili ya mtu mwingine.

Upande wa matumbawe, utafiti uliofanywa katika bahari mbalimbali unaonyesha kwamba migusano mingi hutokana na mapezi, lakini geji na vifaa vinavyoning'inia vimo kwenye orodha, na tofauti na mapezi, mwenye navyo hahisi vinapogonga. Kasha la geji lenye dira na kipima kina ndani yake lina uzito wa kutosha kuvunja tawi. Matumbawe ya matawi yanaweza kuongeza sentimita 10 hivi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo, ambayo wavuvi wengi wanayafahamu, huongezeka kwa takriban sentimita 1 tu. Hiyo ina maana kwamba jiwe hai lenye kimo cha mita moja limeishi karibu karne nzima. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na yaliyopona au kuota upya tangu hapo hayastahili kupigwa na geji ya mtu aliyekuja kuyatazama kwa mapenzi.

Kuna pia suala la nguvu. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukiongeza kasi maradufu, ukinzani unakuwa mara nne. Kila kinachojitokeza kwenye mwili hulipiwa kwa pumzi.

Vifaa vidogo vipangwe kwa kujiuliza kimoja kimoja kama safari ya leo inakihitaji. Kisichohitajika kibaki kwenye boti. Boya la kuashiria na kibiringo cha kamba yake vikae mfukoni, kwenye paja la kulia au kwenye mfuko wa koti, na katika maeneo ya mikondo visiachwe kamwe, kwa kuwa nahodha hawezi kukiona kichwa cha mtu katikati ya mawimbi. Kisu kifupi au kikata kamba kiwe mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Kisu kirefu kilichofungwa kwenye shavu la mguu hunasa mishipi badala ya kuikata. Tochi ifungwe kwa klipu kwenye pete ya kifuani, kichwa chake kikielekea chini. Vile vifungo vya springi vinavyojivuta vyenyewe ni vizuri vikiwa vipya, lakini chumvi huvila na uzi wake hukatika bila taarifa, kwa hiyo geji isiachwe kuvitegemea peke yake.

Mpangilio huu unawahusu pia wazamiaji wa uokoaji, pengine kuliko watalii. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, wazamiaji walifanya kazi ndani na pembezoni mwa chombo kilichojaa vitu vya kunasa, na siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa akiwa hai kutoka kwenye sehemu iliyobakiwa na hewa. Mwaka uliofuata, gari lililotumbukia kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, lilipatikana kwenye kina cha takriban mita 58. Katika maji ya namna hiyo macho hayasaidii sana, na mzamiaji hukitegemea kila kifaa kwa kukigusa. Ndiyo maana tunawafundisha kufunga na kufungua klipu zote wakiwa wamefumba macho, kwa mkono mmoja, nchi kavu kwanza na baadaye majini.

Kabla ya kuruka, fungua valvu ya mtungi huku kioo cha geji kikiwa kimeelekezwa mbali na uso wako na wa wenzako, kwa sababu geji iliyoharibika inaweza kupasuka inapopokea presha ghafla. Kisha vuta pumzi tatu au nne ukiutazama mshale. Ukicheza kila unapovuta, valvu haijafunguka vizuri. Mapovu madogo yakitoka pale geji inapoungana na hozi, mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ndogo ya ndani iliyochakaa. Njia ya hewa iendayo kwenye geji ni nyembamba mno, kwa hiyo uvujaji huo huwa wa polepole, lakini fundi abadilishe oringi hiyo kabla ya safari inayofuata. Mkirudi, suuza klipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku ukiichezesha pini yake, na ukague uzi wa nailoni kama umelika.

Anayekodi vifaa hana uwezo wa kuchagua hozi, lakini anaweza kubeba klipu yake na kipande cha uzi, akaomba ruhusa ya kuifunga kabla boti haijang'oa nanga.