Kabla hujachoma EPROM, isome kwanza

Mtu akishika EPROM, yaani chipu ya kumbukumbu inayoandikwa kwa umeme (ndo kuchoma) na kufutwa kwa mwanga wa UV, mara ya kwanza macho yanaenda moja kwa moja kwenye kale kadirisha ka juu, na ana haki, ukiinamisha chipu kidogo kwenye mwanga unaona kipande cha silikoni na vinyuzi vyembamba vinavyokimbilia kwenye miguu. Hiyo ni kwatzi, siyo kioo cha kawaida, manake kioo cha kawaida kinazuia mwanga wa UV na huo ndo unaofuta. Dov Frohman wa Intel alikuja na hii kitu mwaka 1971 na mpaka leo naona ni kazi nzuri sana.

Sasa ndani kuna nini. Kila biti ni transista yenye kisahani kilichozungukwa na kihami pande zote, ukiipa volti kubwa elektroni zinasukumwa humo na hazitoki, hata umeme ukizima miaka kibao. UV inazipa nguvu ya kutoka. Chipu iliyofutwa kila baiti (biti 8) inasoma FF kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16, yaani 1 tupu, na kuchoma ni kugeuza 1 kuwa 0 basi, kurudisha 0 iwe 1 ni lazima ufute chipu nzima. Hapa wanaoanza wengi wanakwama: kwenye baiti yenye 4A unaweza kuchoma 48 juu yake bila kufuta chochote, lakini 4B huwezi, andika hizo namba kwa biti utaona mwenyewe.

Kusoma ni rahisi. EPROM aina ya 27C256 ina pini 28, kati ya hizo 15 ni za adresi na 8 za data, jumla baiti 32768. Unashusha pini za CE (ya kuwasha chipu) na OE (ya kuruhusu data itoke) ziwe sifuri, unaweka adresi, data inatoka. Ukitaka kuelewa kabisa fanya kwa swichi na LED kwenye bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu) kabla ya kununua programa, kifaa cha kusomea na kuchomea chipu, utasoma baiti chache tu ila hutasahau. Ukishakuwa na programa, soma chipu mara mbili halafu linganisha faili, zikitofautiana shuku miguu kwanza, chipu za zamani miguu inashika kutu, isafishe usome tena.

Nasisitiza hili la kusoma kwasababu nilikuwa na 2764A nataka kubadilisha baiti moja tu, ni ile ile ya 4A kwenda 48, nikachagua 2764 kwenye programu ya kompyuta inayoendesha programa bila kuangalia hiyo A mwishoni. 2764 ya Intel inachomwa kwa volti 21, yenye A ni 12.5. Ndani ya sekunde chipu ilikuwa ya moto kidoleni, na haikusoma tena. Iliuma, ila faili nilikuwa nimeshalitoa mara mbili na yako sawa, nikachoma kwenye chipu nyingine siku hiyo hiyo. Kwa hiyo soma herufi zote zilizoandikwa mgongoni, tafuta datashiti yake (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji), na ujue 2716 inataka volti 25 ambazo programa nyingi za bei nafuu hazifiki.

Kufuta: taa inatakiwa iwe ya nanomita 254, hizi za kukaushia kucha au kukagulia noti hazifanyi kitu hata ziwake usiku kucha. Futa gundi dirishani kwa spiriti, weka chipu sentimita 2 hivi kutoka kwenye taa, dakika 15 mpaka 20 zinatosha, na usiitazame hiyo taa kabisa inaunguza macho. Hakikisha yote imesoma FF halafu mi huwa naongeza dakika chache tena, kuna biti zinaonekana zimefutika kumbe bado ziko nusunusu.

Ukishachoma na kuhakiki, bandika stika isiyopitisha mwanga juu ya dirisha, jua kali linaweza kufuta chipu kwa wiki moja hivi. Juu ya stika naandika tarehe na cheksamu, ile namba ya kuhakiki kama data iko sawa.