Mguu mmoja mfupi: je, ni mgongo wa mama?

Hapa Bukavu, mtoto akichechemea, wengi husema mama alimbeba vibaya mgongoni, na dawa yake ni kuuvuta mguu kwa mafuta ya moto. Wazo hilo ni la siku nyingi, na linaeleweka: mgongoni ndipo mtoto anaposhinda.

Lakini kubebwa mapaja yakiwa yamepanuka hakufupishi mfupa. Mkao huo hata unafaa nyonga. Tofauti ya chini ya sentimita 1 watu wengi wanayo bila kujua. (Fundi cherehani wa Kadutu ndiye huigundua, akipima pindo la suruali.) Tofauti kubwa zaidi huweza kutokana na mfupa uliovunjika utotoni, maambukizi ya mfupa, au nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa.

Mtu mzima anaweza kujipima. Simama pekupeku kwenye sakafu iliyo sawa, si uani kwenye mteremko wetu huu, mwenzako ashike mifupa ya kiuno pande zote mbili. Upande ulioshuka, ingiza vipande vya ubao chini ya unyayo mpaka kiuno kisawazike; unene wa ubao ni kadirio la tofauti. Ikifika sentimita 2, muone daktari wa mifupa. Mtoto anayechechemea apelekwe bila kusubiri kipimo. Mara nyingi soli iliyoongezwa na fundi viatu hutosha. Kuvuta hakurefushi mfupa, na nyonga iliyoteguka huweza kuumia zaidi.