Mwili uko hapa, akili iko kwenye marejesho: maswali na majibu kuhusu msongo wa mawazo

Nikiwaza deni, moyo unanienda mbio utadhani nimekimbizwa. Mbona nimekaa tu?

Kwa sababu mwili unaitikia jambo unaloliwaza karibu sawa na lile lililosimama mbele yako. Ukikumbuka rejesho la Ijumaa, ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya adrenalini. Moyo unadunda, pumzi zinakuwa fupi, shingo na mabega vinakaza. Baadaye kidogo inafuata homoni ya kotisoli, ambayo hupandisha sukari kwenye damu ili upate nguvu ya kupambana au kukimbia. Kwa aliyekanyaga karibu na nyoka shambani, mpango huo unaokoa maisha, na nyoka akishapita mwili unapoa.

Rejesho halipiti. Unaliwaza ukipiga mswaki, unaliwaza kwenye daladala, na saa nane za usiku uko macho unapiga hesabu zilezile za jana. Kila mara mwili unapanda upya, hivyo deni la mara moja kwa wiki unalilipa kwa mapigo ya moyo kila siku. Hali hiyo ikikaa muda mrefu huleta kukosa usingizi, kichwa kuuma na hasira za karibu karibu, na inaweza kuchangia presha.

Wanaosema "ishi wakati uliopo" wanamaanisha nini hasa?

Wanamaanisha kuileta akili kwa makusudi pale mwili ulipo, na kukitazama kinachotokea kama kilivyo, bila kukigombeza. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha hivyo wagonjwa wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, wakiwemo watu wenye maumivu sugu ambao tiba za kawaida hazikuwatosha. Mafunzo yake huchukua wiki 8, na zoezi la mwanzo linalojulikana sana ni kula punje moja tu ya zabibu kavu, taratibu, ukiitazama, ukiinusa na kuitafuna kama hujawahi kuiona.

Mimi naona sisi tuna zoezi zuri kuliko hilo: kuchambua mchele. Mimina mchele kwenye ungo, simu iache chumbani, kaa mkekani. Tazama punje nzima na chenga, tazama ile iliyobaki na ganda lake, na kile kijiwe cheupe kinachojifanya punje. Sikia mchele unavyochakarika ukiusogeza, hisi unga wake mwembamba kwenye ncha za vidole. Baada ya muda mfupi utashtuka mikono inaendelea kuchambua, lakini wewe uko kwa mwenye nyumba mnabishana juu ya kodi. Kushtuka huko ndiko kunakotafutwa. Jiambie kimoyomoyo, "nawaza kodi," kisha rudi kwenye punje. Akili itatoroka tena, nawe utairudisha tena, bila kujisonya. Wengi huacha zoezi hapo wakidhani wameshindwa kwa sababu akili haikutulia. Akili ya nani hutulia? Kazi yako ni kuirudisha tu, na kila mara unapoirudisha ndiyo mazoezi yenyewe.

Mimi ni bodaboda, muda wa kukaa na ungo sina.

Basi tumia pumzi, ukiwa kijiweni unasubiri abiria. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, rudia kwa dakika mbili tatu. Moyo kwa kawaida hupunguza mwendo mtu anapotoa pumzi, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa mwili ishara ya kupoa. Ukiwa barabarani usijaribu kufumba macho wala kuhesabu pumzi. Hapo wakati uliopo ni lori lililo mbele yako.

Haya si mambo ya dini nyingine?

Mizizi yake iko kwenye tafakuri ya Kibudha, hilo halifichwi. Mafunzo ya hospitalini hayana ibada ndani yake, na huhitaji kutamka neno lolote la dini. Mwislamu anayetafuta khushuu kwenye sala, au Mkristo anayekaa kimya mbele ya Mungu, tayari anajua kazi ya kuirudisha akili iliyokimbilia dukani. Kama bado moyo wako unasita, acha, tembea kwa miguu kila siku. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2014 haukupata ushahidi kwamba tafakuri inashinda mazoezi ya mwili.

Kwa hiyo kuna ushahidi au ni maneno ya mitandaoni?

Upo, na wa karibu nasi. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi karibu 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Kundi lililopewa mafunzo lilikutana mara 5, likasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuelekezwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Miongoni mwa waliyojifunza ni kurudisha akili kwenye miguu iliyokanyaga ardhi na vitu vilivyowazunguka pale mawazo yanapowazoa. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: miezi 3 baada ya mafunzo, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata. Hao hawakuwa na mto laini wala muziki wa kinanda.

Marekani nako, utafiti wa mwaka 2022 kwa watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi ulikuta mafunzo yale ya wiki 8 ya Kabat-Zinn yamesaidia kwa kiwango kinachokaribiana sana na escitalopram, dawa ya kutibu wasiwasi. (Usisome hapo ukaacha dawa zako, ongea na daktari kwanza.) Ila Uingereza walipowafundisha mazoezi ya aina hii maelfu ya wanafunzi wa sekondari darasani, hawakuona faida kuliko masomo ya kawaida ya shule. Si kila mtu zoezi hili linamfaa.

Na deni je, litaondoka?

Haliondoki. Na huwa nachukizwa na mwajiri anayeleta mtu wa kufundisha kupumua huku mishahara imechelewa miezi mitatu. Mkopo wa kausha damu unahitaji mpango, haulipwi kwa pumzi. Unachopata ni dakika chache za kichwa kilichopoa, na hizo zitumie: chukua karatasi, andika la kufanya leo, mfano kumpigia mwekahazina wa kikundi kabla siku ya rejesho haijafika, na pembeni andika yale ambayo leo huna la kuyafanya. Usiku yakija ya pembeni, unajua yameshaandikwa.

Lini nisihangaike na mazoezi, niende hospitali?

Kifua kikikubana, hasa maumivu yakienda mkononi au tayani, nenda sasa hivi. Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu aliye karibu na uende siku hiyohiyo. Nenda pia kama zimepita wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, au pombe ndiyo imekuwa dawa ya usingizi. Aliyepitia ukatili au vita anaweza kuletewa kumbukumbu mbaya na zoezi la kufumba macho. Afumbue, ataje vitu anavyoviona, na asiendelee peke yake.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inabidi, watakupa rufaa. Ukifika kwa daktari usiishie kusema "kichwa kinauma," maana utarudi nyumbani na Panadol. Mweleze usingizi umekuwaje, tangu lini, na unawaza nini unapoamka saa nane.